Ben Barka, mwalimu wa hesabu aliyetaka kuyakutanisha mabara matatu



Sisi wa Masomo ya Kiislamu tukifika Moroko katika somo la harakati za zama hizi, jina tunalopewa ni la Allal al-Fassi, mwanachuoni wa Qarawiyyin aliyeandika juu ya Maqasid na papo hapo akaongoza chama cha Istiqlal. Ni haki yake. Lakini ndani ya chama hicho hicho alikuwemo kijana mmoja mfupi wa umbo, mwepesi wa kutenda, ambaye hakuwa sheikh wala mwanajeshi. Kazi yake ilikuwa kufundisha hesabu. Katika daftari langu la muhula uliopita ana mstari mmoja tu: El Mehdi Ben Barka, alitekwa Paris 1965. Mimi nimekulia Buyenzi, Bujumbura, ambako mtu anasoma Kifaransa atake asitake, basi nikaenda kumtafuta katika vitabu vya Kifaransa. Niliyoyakuta yalinifanya niombe nafasi katika jarida hili.

Alizaliwa Rabat mwezi Januari 1920, miaka minane baada ya Wafaransa kuitia Moroko chini ya himaya yao. Hispania nayo ilikuwa imechukua kipande chake cha kaskazini. Familia yake ilikuwa ya hali ya kawaida, na shule za Wafaransa zilipokea watoto wa Kimoroko wachache mno, wengi wao wa wakubwa. Yeye alipenya kwa akili yake. Alipomaliza sekondari alitamani kwenda Paris, lakini Vita vya Pili vya Dunia vikafunga njia, akaenda Algiers. Huko akakaa na wanafunzi wa Algeria na Tunisia, vijana wa nchi tatu zenye mtawala mmoja. Mwaka 1942 alirudi nyumbani na shahada ya hesabu, na anatajwa kuwa Mmoroko Mwislamu wa kwanza kuipata katika chuo rasmi cha Wafaransa.

Akapewa kufundisha, na miongoni mwa wanafunzi wake katika shule ya kasri alikuwemo mwanamfalme Hassan. Liweke jina hilo akilini, tutalihitaji.

Tarehe 11 Januari 1944 Istiqlal ilitoa tamko la kudai uhuru, likiwa na saini za watu zaidi ya 60. Ben Barka alikuwa na miaka 24, mmoja wa waliokuwa wadogo kabisa katika orodha ile. Alifungwa kwa ajili ya saini hiyo. Alipotoka akawa mtu wa kukipanga chama: matawi, kadi, barua, nani anakwenda wapi na nani anamjibu nani. Wafaransa waliiona hatari ya kazi hiyo kabla ya wenzake wengine kuiona, na mwaka 1951 wakamhamishia kusini, mbali na miji, wakamweka kizuizini hadi 1954. Wakati yuko huko walimwondoa Sultani Mohammed wa Tano na kumpeleka Corsica, kisha Madagascar. Nchi ikawaka moto. Novemba 1955 Sultani akarudi, na mwaka 1956 Moroko ikawa huru. Mwalimu wa hesabu akachaguliwa kuongoza Baraza la Taifa la Ushauri akiwa na miaka 36.

Sasa nataka tukae kidogo kwenye barabara, maana kwangu mimi barabara hii inamweleza Ben Barka kuliko hotuba zake zote. Nchi ilikuwa imepata uhuru lakini ilikuwa vipande viwili. Upande wa Wafaransa na upande wa Wahispania ulikuwa na lugha mbili za ofisini, sarafu mbili na barabara zilizojengwa kuelekea bandari mbili tofauti. Kutoka Taounate hadi Ketama, katika milima ya Rif, hapakuwa na njia ya maana ya kuunganisha pande hizo, kwa sababu hakuna mkoloni aliyeihitaji. Ni kilomita zipatazo 60 tu. Kiangazi cha 1957 Ben Barka aliwaita vijana wa nchi nzima wakaijenge kwa kujitolea. Walikwenda zaidi ya elfu kumi, kwa awamu za mwezi mmoja mmoja. Asubuhi walishika sururu na koleo, mchana wakaingia darasani chini ya mahema kujifunza kusoma, uraia na mambo ya nchi yao. Kijana wa Casablanca alilala hema moja na kijana wa kijiji cha Kiberiberi ambaye asingekutana naye maisha yake yote.

Wapo waliosema kwamba trekta na wakandarasi wangeimaliza kazi ile kwa bei nafuu na kwa muda mfupi. Huenda ni kweli. Lakini sote tunajua wageni walioshirikiana jasho wanavyoachana, na walioshirikiana chai na hotuba wanavyoachana.

Mwaka 1959 Istiqlal ikapasuka. Ben Barka na wenzake wa mrengo wa kushoto, pamoja na watu wa vyama vya wafanyakazi, wakaunda chama kipya, UNFP, wakidai kwamba uhuru wa bendera haujamfikia mkulima. Al-Fassi akabaki upande wa pili. Miongoni mwetu wapo ambao hawatampenda Ben Barka kuanzia hapa, kwa kuwa alizungumza lugha ya usoshalisti zaidi ya lugha ya masheikh. Sitaificha hali hiyo, na wala sitamvisha kilemba ambacho hakukivaa. Alikuwa Mwislamu wa zama zake, zama ambazo vijana wengi wa Kairo, Algiers na Jakarta waliona kwamba dhuluma ya kiuchumi ina dawa moja.

Mwaka 1961 Mohammed wa Tano alifariki, na yule mwanafunzi wa hesabu akawa Mfalme Hassan wa Pili. Mwalimu wake alikuwa nje ya nchi wakati huo. Alirudi 1962, na mwezi Novemba gari lake likasukumwa nje ya barabara, akaumia uti wa mgongo. Mwaka uliofuata alichaguliwa kuwa mbunge wa Rabat, akasafiri, na nyuma yake wenzake wakakamatwa kwa tuhuma za kupanga njama. Oktoba 1963 ikazuka vita ya mpaka kati ya Moroko na Algeria, ndugu wawili waliotoka kumwondoa mkoloni mmoja. Ben Barka, akiwa nje, aliwataka hadharani askari wa Moroko wasipigane na Waalgeria.

Hapo nimesimama mara nyingi. Mtu anaweza kusema ni usaliti, na mahakama za nchi yake zilisema hivyo, zikamhukumu kifo bila ya yeye kuwepo. Mtu mwingine atasema aliyekataa vita baina ya Waislamu wawili jirani ndiye aliyekuwa na haki. Mimi naelekea upande wa pili, ila nakiri kwamba ni rahisi kwangu kuandika hivyo kutoka chumba cha bweni, nami sikuwa na ndugu yeyote aliyelala jangwani siku zile akingoja risasi.

Kuanzia hapo hakuwa tena na nchi. Aliishi kwa begi, akizunguka Algiers, Kairo, Geneva, Roma na Havana. Na hapa ndipo kazi yake kubwa inapoanza.

Mnamo 1955 nchi 29 za Asia na Afrika zilikutana Bandung, Indonesia, na kila kitabu cha historia kinalitaja tukio hilo. Baada yake, mwishoni mwa 1957, jumuiya ya mshikamano wa watu wa Afrika na Asia iliundwa Kairo. Ilikutana Conakry mwaka 1960, kisha Februari 1963 ikakutana Moshi, hapo Tanganyika, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kote huko bara moja lilikosekana: Amerika ya Kusini na visiwa vyake. Ni Moshi ndipo Wakuba walipotoa ombi kwamba mkutano ujao uwe wa mabara matatu na wao waupokee Havana.

Kwa nini bara la tatu lilikuwa muhimu hivyo? Ben Barka alilieleza jambo hili kwa jicho la mwalimu. Afrika ilikuwa ndiyo kwanza inapandisha bendera. Nchi nyingi za Amerika ya Kusini zilikuwa na bendera zao tangu karne ya 19, na bado migodi, mashamba ya ndizi, reli na benki zao zilikuwa mikononi mwa makampuni ya nje. Kwa hiyo aliyetaka kujua uhuru wa Afrika ungeweza kugeuka kitu gani baada ya miaka mia moja na zaidi, jibu lilikuwepo tayari ng'ambo ya Atlantiki. Walatini nao walikuwa na la kujifunza kutoka kwa Waalgeria na Wavietnam. Kila bara lilishika kipande cha jawabu, lakini mawasiliano yao yalipitia London, Paris au New York. Mwanafunzi wa Dakar aliyetaka kujua habari za Chile alizisoma katika gazeti la Ufaransa.

Ni ile barabara ya Taounate na Ketama, ila safari hii ilipita juu ya bahari.

Serikali nazo zilikuwa zikijikusanya. Juni 1964, mjini Geneva, nchi 77 zinazoendelea, Burundi, Rwanda na Uganda zikiwemo, zilitoa tamko la pamoja juu ya biashara, na Kundi la 77 likazaliwa. Ben Barka alikuwa na njia nyingine. Aliwataka walio nje ya ofisi: vyama vya ukombozi, vyama vya wafanyakazi, wanafunzi, watu ambao baadhi yao walikuwa wakisakwa na serikali hizo hizo.

Mei 1965, katika mkutano wa Winneba, Ghana, iliamuliwa rasmi kwamba mkutano wa mabara matatu ufanyike Havana Januari 1966. Kamati ya maandalizi ikawa na wajumbe 18, sita kutoka kila bara, Tanzania ikiwa mmoja wa wale wa Afrika. Ben Barka akawa mwenyekiti.

Ukiisoma orodha ya Asia utacheka: humo mlikuwemo China na Urusi ya Kisovieti kwa pamoja. Wakati huo mataifa hayo mawili yalikuwa hayaambiliki. China ilikataa katakata kwamba Urusi ni nchi ya Asia. Urusi ilihofu mkutano utageuzwa jukwaa la kuitukana. Kila mmoja alikuwa na fedha, na kila mmoja alikuwa na marafiki ndani ya kila chama kidogo cha ukombozi. Swali la nani aalikwe lilikuwa na ncha pande zote, kwani kutoka nchi moja wangeweza kuja wajumbe wa makundi mawili, kila kundi likidai kuwa ndilo la kweli. Aliyewahi kuandaa kongamano la Waislamu wa vyuo vitatu tu na akaona ugomvi wa nani atakaa meza ya mbele, azidishe ugomvi huo mara elfu.

Alikwenda huku na huko kwa ndege, akazungumza na Kairo, Algiers na Havana, akiwaridhisha Wachina bila kuwapoteza Warusi. Septemba 1965 kamati ilikaa Kairo na ajenda ikapita: Vietnam, Palestina, makoloni ya Wareno, ubaguzi wa Afrika Kusini, kambi za kijeshi za kigeni, misaada kwa vyama vya ukombozi. Alitaka pia vita dhidi ya ujinga wa kutojua kusoma viwe kazi ya mabara yote matatu.

Mwaka huo huo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ninaloliona nikiwa nyumbani, Ernesto Guevara na Wakuba wenzake walikuwa wakipigana milimani upande wa Fizi, Congo. Wazee wetu wa kando ya ziwa bado wana hadithi zao juu yake. Safari ile ilishindwa, na Novemba waliondoka. Nikiwaweka Guevara na Ben Barka pamoja, naona njia mbili za kushirikisha mabara: mmoja alivuka na bunduki kwenda kwa watu ambao hakujua vizuri lugha yao wala magomvi yao, mwingine alivuka na mkoba wa barua. Aliyevuka na bunduki picha yake iko kwenye fulana hadi leo. Wa mkoba nimemkuta katika mstari mmoja wa daftari.

Ijumaa tarehe 29 Oktoba 1965 Ben Barka aliwasili Paris kutoka Geneva. Alikuwa na miadi ya mchana na watu waliomwambia kwamba wanataka kutengeneza filamu kuhusu mapambano dhidi ya ukoloni, filamu ambayo ingeonyeshwa Havana. Mtego uliwekwa ndani ya kitu alichokipenda. Alifuatana na kijana wa Kimoroko, mwanafunzi wa historia. Mbele ya mkahawa wa Lipp, kwenye barabara ya Saint-Germain, polisi wawili wa Kifaransa waliovaa kiraia walimsimamisha, wakamwonyesha vitambulisho, wakamwomba aingie garini. Aliingia. Vitambulisho vilikuwa vya kweli. Alipelekwa kwenye nyumba ya jambazi mmoja katika kijiji cha Fontenay-le-Vicomte, kusini mwa Paris, na kuanzia mlango wa nyumba ile hakuna anayejua kwa yakini kilichotokea. Kesho yake Jenerali Oufkir, waziri wa mambo ya ndani wa Moroko, alitua Paris, na msaidizi wake Dlimi naye akafika.

De Gaulle alikasirika kwamba jambo kama lile limefanywa katika mji wake, tena kwa mikono ya polisi wake. Uhusiano wa nchi mbili ukaingia baridi. Mwaka 1967 mahakama ya Paris ilimhukumu Oufkir kifungo cha maisha bila ya yeye kuwepo, ikamwachia Dlimi, na baadhi ya Wafaransa wakafungwa. Mwili haukupatikana. Oufkir alikufa 1972 baada ya jaribio la mapinduzi dhidi ya mfalme yule yule aliyemtumikia. Dlimi alikufa 1983, na ilisemekana ni ajali ya gari.

Mkutano wa Havana haukuahirishwa. Ulifunguliwa tarehe 3 Januari 1966, ukawa na wajumbe wapatao 500 kutoka nchi 82. Amílcar Cabral alihutubia, Salvador Allende alikuwepo. Ukazaa jumuiya ya mshikamano wa mabara matatu yenye makao Havana, iliyochapisha jarida na mabango kwa Kihispania, Kiingereza, Kifaransa na Kiarabu. Jumuiya hiyo ilidumu hadi 2019 ilipofungwa. Wanahistoria wengine wanasema kukosekana kwa mwenyekiti kulionekana tangu siku za mwanzo, kwani ugomvi wa China na Urusi ulifika mpaka ndani ya ukumbi na hapakuwa na mtu wa kukaa katikati. Kuba yenyewe iliegemea Urusi miaka iliyofuata, na ule usawa wa meza ya duara aliouhangaikia ukawa mgumu.

Lipo pia jambo lisilopendeza, na ni bora ulisikie hapa kuliko mtu akutupie siku ya mjadala. Nyaraka za ujasusi wa iliyokuwa Chekoslovakia zilipofunguliwa, watafiti walisema zinaonyesha kwamba Ben Barka alikutana mara nyingi na maofisa wao na kupokea fedha na safari. Familia yake inakataa kwamba alikuwa wakala wa mtu. Ninavyoona, mtu asiye na nchi, asiye na mshahara, anayetakiwa kusafirisha wajumbe wa mabara matatu, lazima alipiwe tikiti na mtu fulani, na anayelipa tikiti haulizi bure. Ugonjwa huo haujaisha. Hesabu makongamano ya mshikamano wa nchi zetu ambayo gharama zake zimelipwa na nchi zetu wenyewe.

Leo Rabat kuna barabara yenye jina lake. Vijana wa Kiafrika wanaopata ufadhili wa kusoma Moroko, baadhi yao wametoka katika chama chetu hiki hiki, wanaiona kila siku kwenye kibao. Nilimwuliza mmoja wao kwa simu kama anajua Ben Barka ni nani. Akanijibu kwamba ni kituo cha teksi.

Katika fiqhi tunasoma mlango wa mafqud, mtu aliyepotea asijulikane yu hai au amekufa. Kwa Imam Malik, ambaye madhehebu yake ndiyo ya watu wa Moroko, mke wa mafqud akifika kwa kadhi huwekewa miaka minne ya kungoja, kisha akae eda ya kufiwa. Mali yake haigawanywi mpaka upite umri ambao watu wa rika lake hawabaki hai. Nilipousoma mlango huo mwaka wa kwanza nilidhani ni wa wasafiri wa ngamia wa zamani. Familia ya Ben Barka ilifungua kesi ya mauaji Paris mwaka 1975. Ameshapita umri ambao wanachuoni wengi wameutaja, miaka mia na zaidi tangu azaliwe, na jalada la kesi ile bado halijafungwa.